Kocha kamtoa mwanangu pembeni kamfanya "taiti endi". Amepandishwa au ametupwa?

MamaJunior_DesMoines

Wakuu, habari za jioni. Najua humu wengi ni Simba na Yanga, ila nimeona wapo mnaoishi Marekani na mnaofuatilia huu mpira wao wa mikono, futiboli ya Kimarekani, hivyo naomba mnisaidie kabla sijagombana na mtu.

Mwanangu yuko darasa la kumi, ana miaka 16, urefu futi 6 na inchi 3, na bado anarefuka, viatu tunanunua kama tunanunua mkate. Mchezo wake hasa ni kikapu. Mwaka jana marafiki zake wakamvuta kwenye futiboli ya Kimarekani, akawekwa kuwa mpokeaji wa pembeni, yule anayesimama mbali kabisa karibu na chaki, anakimbia halafu anarushiwa. Alikuwa na furaha, na sisi jukwaani tulikuwa tunamwona. Majuzi kocha kamwita kamwambia kuanzia sasa yeye ni taiti endi. Sasa anapangwa amebanana na wale mabonge wa katikati, kutwa kusukumana. Ijumaa iliyopita karushiwa mpira mara moja tu, na haukumfikia. Karudi nyumbani na mchubuko kuanzia kiwiko mpaka kiganjani, ukimuuliza anasema "poa tu" anaingia chumbani.

Baba yake anasema mtoto kafanywa utingo: mizigo abebe yeye, nauli akusanye mwingine. Anataka kwenda shuleni kuongea na kocha. Nimemwambia asubiri niulize kwanza. Hiyo nafasi ni ya maana, au ndipo wanapofichwa watoto wasiojua mpira? Na kama ni ya maana, mbona kwenye TV nasikia jina moja tu, Kelce, na hata huyo nimemjulia kwa mchumba wake, Taylor Swift?

Nawasilisha.

Kipchumba_Raga

Mama, pole sana. Mrudishe kijana kwa raga, huko hakuna mtu wa kufichwa, kila mtu anagonga na kila mtu anashika mpira. Hao wamevaa helmeti na mabega ya plastiki halafu wanapumzika kila sekunde sita.

Lakini tuwe wakweli, wetu amewahi kuingia huko. Daniel Adongo wa Nairobi, mtu wa raga, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 na akacheza mechi za NFL, ligi yao kuu, msimu huo huo bila kuwahi kucheza huo mpira maishani. Yeye alikuwa upande wa kukaba. Kwa hivyo mwili wa kutoka kwa mchezo mwingine si kitu kigeni kwao. Ngoja wenye kujua waje.

Mtanga_wa_Olathe

Dada MamaJunior, mzuie mzee kwanza. Au mwache aende, ila aende na swali jingine, nitalisema huko chini.

Mimi niko Olathe, Kansas, pembeni ya Kansas City. Riziki yangu ni ghala, zamu ya usiku, lakini Ijumaa za majira haya nachukua video za mechi kwa ajili ya makocha wa shule moja ya hapa mtaani. Malipo ni soseji na soda. Kamera inakaa juu kabisa, kwenye paa la kibanda cha watangazaji, na amri ni moja: wachezaji wote 22 waonekane, usifuate mpira. Ukishafanya kazi hiyo misimu kadhaa unaharibika, TV haikutoshi tena. TV inafuata mpira, na taiti endi nusu ya kazi yake anaifanya mahali ambapo mpira haupo. Mzee wako hakumwona mtoto kwa sababu naye alikuwa anafuata mpira.

Kazi yenyewe ni hivi. Timu inayoshambulia lazima iweke watu saba kwenye mstari wa kuanzia. Watano wa katikati, hao unaowaita mabonge, hawaruhusiwi kupokea pasi. Taiti endi anasimama ubavuni mwa bonge wa mwisho, bega kwa bega, anakinga kama wao, lakini yeye ana ruhusa ya kwenda kudaka. Basi, ni hilo tu. Mpinzani akimtazama hajui: huyu anakuja kifuani kwangu, au ananipita? Usitafute mfano wake kwenye soka, hakuna.

Nikusimulie nilichokiona msimu uliopita kupitia kamera. Tulikuwa na kijana mrefu, mkimya, kama wako. Mpira wa kukimbiza, unakuja upande wake wa kulia. Mbele yake, kwa nje kidogo, kuna mkabaji aliyemzidi kilo kama 20. Mpira unaanza. Hatua ya kwanza ya kijana haifiki hata urefu wa kiatu chake, na anaipiga kwenda nje, si mbele. Ya pili inatua kabla yule jamaa hajasimama sawasawa. Mikono miwili inaingia kifuani mwa jamaa, vidole gumba juu, viwiko ndani, makalio chini. Halafu, na hapa ndipo penye utamu, hasukumi. Anazunguka polepole mpaka mgongo wake unatazama nje ya uwanja na bonge lote limefungiwa ndani. Mkimbiaji akapita nje yao, jukwaa likalipuka, likamwimba mkimbiaji jina. Jumamosi asubuhi kocha alirudisha picha ile tena na tena mbele ya timu nzima, na mkimbiaji hakumtaja.

Robo iliyofuata, kijana yule yule, hatua zile zile mbili, mikono ile ile. Mkabaji akajikaza kusukumana. Kijana akamwachia, akateleza ubavuni, akajikuta peke yake, hakuna mtu hata wa kumkanyaga kivuli. Tachidauni, yaani bao la kufikisha mpira mwisho wa uwanja. Wote waliokuwa jukwaani waliona ile ya pili. Lakini ya pili haiwezekani bila ya kwanza, na hicho ndicho nataka mzee akijue kabla hajafika ofisini kwa watu.

(Mchubuko huo wa mkono nao: mara nyingi mikono ya mtoto inatua nje ya mabega ya mpinzani, kwenye plastiki na vifungo, badala ya kifuani. Inarekebishika.)

Sasa kwa nini wazuri ni wachache. Watu watakwambia ni mwili, na ni kweli: NFL wanamtaka mtu wa futi 6 na inchi 4 au 5, kilo 110 na ushee, anayekimbia. Lakini mtu wa hivyo Marekani anapigiwa hodi na kila mlango. Kikapu kinamtaka. Upande wa kukaba wanamtaka, na huko wanamlipa zaidi. Akinenepa anavutwa katikati amlinde kwotabeki, yule mrusha mpira, nako kuna hela. Akiwa mwembamba anabaki mpokeaji wa pembeni, kwenye sifa. Tazama mishahara: mwaka 2025 George Kittle wa San Francisco aliongezewa mkataba wa wastani wa dola milioni 19 na kidogo kwa mwaka, akawa juu ya mataiti endi wote. Mwaka huo huo Ja'Marr Chase, mpokeaji wa Cincinnati, alisaini kwa zaidi ya milioni 40. Mtoto mwenye akili na wakala anajua kusoma hesabu hiyo.

Halafu shule zenyewe. Nyingi siku hizi zinatawanya wapokeaji wanne au watano uwanja mzima, kwotabeki anarusha haraka, hakuna taiti endi kabisa. Kijana anafika chuo hajawahi kuweka mkono kwenye majani akisubiri kugongana. Anafundishwa ukubwani, na lazima akae madarasa mawili: leo na kocha wa mabonge, kesho na kocha wa wapokeaji. Wengi hawayamalizi yote mawili.

Ndiyo maana wakubwa wengi waliingia kwa mlango wa nyuma. Antonio Gates hakucheza futiboli chuo kikuu, hata mechi moja. Alikuwa mcheza kikapu wa Kent State, walifika robo fainali ya taifa 2002. Futi 6 na inchi 4 kwa mtu wa chini ya ringi NBA ni mfupi, hawakumtaka. Kwenye drafti ya NFL 2003, pale timu zinapochagua vijana kwa zamu, nako hakuitwa jina. Timu ya Chargers wakamchukua bure. Akamaliza na tachidauni 116, hakuna taiti endi aliyefikisha hizo, na 2025 akaingizwa kwenye Ukumbi wa Mashujaa kule Canton, Ohio. Ukitazama mikanda yake utaona anachofanya ni kile kile cha kugombea ribaundi: anakupa mgongo, anapanua miguu, mpira unakuja juu, wewe uko nyuma unashika jezi. Mwanao anayajua hayo tayari, kocha wake si mjinga.

Tony Gonzalez alicheza kikapu na futiboli vyote Chuo Kikuu cha California, akamaliza na mipira 1,325 ya kudaka na yadi 15,127 alizosogeza mpira. Shannon Sharpe alitoka Savannah State, raundi ya saba ya drafti ya 1990, akawa taiti endi wa kwanza kufikisha yadi 10,000. Kelce huyo mnayemjua kwa mchumba alikuwa kwotabeki shule, chuoni wakamgeuza, raundi ya tatu 2013, msimu wake wa kwanza ukaliwa na goti. Kuanzia 2016 hadi 2022 hakukosa yadi 1,000 hata msimu mmoja. Kittle, raundi ya tano.

Na wale wanaoitwa mapema kwa mbwembwe? Detroit walimchukua Eric Ebron wa 10 mwaka 2014, Aaron Donald, mkabaji aliyekuja kuwa gwiji, akaenda wa 13. Waulize watu wa Detroit, ila kaa mbali kidogo. Kyle Pitts aliitwa wa 4 mwaka 2021, juu kuliko taiti endi yeyote kabla yake tangu drafti za kisasa zianze. Msimu wa kwanza yadi 1,026, tachidauni moja tu, tena aliifunga London. Misimu mitatu iliyofuata akazama.

Swali la mzee kwa kocha, basi, lisiwe "mbona mwanangu hapati mpira". Liwe: nani anamfundisha kukinga, na siku gani? Jibu likiwa na jina la mtu na siku ya wiki, mtoto yuko mahali pazuri. Jibu likiwa "ataelewa tu taratibu", hapo mna haki ya kukunja uso.

Mkesha_Mbezi

Mkuu Mtanga heshima yako, umeandika vizuri, ila hapo kwenye uhaba nakupinga. Mimi nakesha na hizi mechi huku Mbezi, zile za Jumapili yao usiku zinaanza saa 9 na dakika 20 usiku wetu na saa 2 asubuhi niko kazini, kwa hiyo usinione mgeni. Habari ya kwamba mataiti endi wazuri hawapatikani ni ya zamani. Sam LaPorta wa Detroit 2023, mipira 86 akiwa mgeni wa ligi. Mwaka uliofuata Brock Bowers wa Raiders, mipira 112, hakuna mgeni wa nafasi yoyote aliyewahi kudaka mingi hivyo. Msimu huo huo Trey McBride wa Arizona, 111. Hiyo ni nafasi yenye uhaba? Siku hizi wanaota kila msimu. Mwambie dada ukweli, mwanae anaingia kwenye foleni ndefu.

Na hiyo kukinga kukinga, mbona timu zenyewe hazijali? Mtu anadaka mipira 110 nani atamuuliza kama anasukuma?

Mtanga_wa_Olathe

Mkesha, karibu, na pole na kazi ya asubuhi.

Bowers ni wa kweli, sibishi. Lakini umehesabu madaka. Madaka yameongezeka kwa kila mtu kwa sababu pasi zimeongezeka. Chukua kipimo kirefu kidogo: Mike Ditka alipoingia Chicago Bears 1961, msimu wake wa kwanza alipata yadi 1,076 na tachidauni 12, kwa mechi 14, enzi ambazo walimruhusu mkabaji kumpiga mtu njia nzima. Mgeni wa pili kuvuka yadi 1,000 ni Pitts, 2021. Miaka 60 katikati! Bowers ni wa tatu. Na Canton, ukiondoa wazee wa enzi za kofia za ngozi, mpaka Gates anaingia 2025 mataiti endi walikuwa 10. Hiyo ni ligi iliyoanza 1920.

Na kuhusu kujali. Januari 2020, San Francisco na Green Bay, mshindi anakwenda Super Bowl, fainali yao. San Francisco walishinda 37 kwa 20 na kwotabeki wao alirusha mpira mara 8 mechi nzima. Nane! Raheem Mostert alikimbia yadi 220 na tachidauni 4. Kittle, nyota wao, alidaka mpira mmoja tu. Kwenye hiyo ligi yako ya marafiki ya kubashiri pointi, Kittle siku ile aliwatia watu hasara. Tafuta mechi ile, acha kumtazama Mostert, tazama nani yuko mbele yake akifagia njia. Nimewatazamisha vijana wa shule mechi hiyo, mpaka walinung'unika.

Tena wenye timu wanajua tofauti sana, ila wanaikumbuka inapowafaa mfukoni. 2014 Jimmy Graham wa New Orleans, naye mtoto wa kikapu, alikuwa ametoka kufunga tachidauni 16 kwa msimu. Timu ikamzuia asiondoke kwa mkataba wa mwaka mmoja, bei ya taiti endi, kama dola milioni 7. Yeye akasema mimi mara nyingi nasimama mbali na mabonge, nilipeni bei ya mpokeaji, milioni 12. Kesi ikaenda kwa msuluhishi. Akapima mpaka umbali: ukisimama ndani ya yadi 4 kutoka kwa bonge wa mwisho wewe ni taiti endi. Graham akashindwa. Milioni 5 zikayeyuka kwa sababu ya hatua chache za kusogea pembeni. Baadaye walielewana kwa miaka 4 na milioni 40, kwa hiyo usimlilie.

Kwa hiyo ndiyo, wadakaji wenye miili mikubwa sasa ni wengi. Anayekufanya usijue anakuja kukugonga au kukupita, wa hivyo bado unawahesabu kwa mkono mmoja kila kizazi. Mimi ukinibana nitaje wangu watatu: Rob Gronkowski, Kittle, na John Mackey wa Baltimore ya miaka ya sitini. Kelce nampenda, mji mzima huu unampenda, jirani yangu kapaka gereji rangi nyekundu, lakini kukinga kwake ni kwa kiasi. Kipaji chake kiko kwingine. Ile mechi ya Buffalo, Januari 2022, zimebaki sekunde 13 na Chiefs, timu yake ya hapa Kansas City, wako nyuma kwa pointi 3, alisoma nafasi iliyoachwa katikati ya wakabaji, akasimama pale, yadi 25, wakasawazisha kwa mguu, halafu muda wa nyongeza yeye huyo huyo akafunga ikawa 42 kwa 36. Hakukimbia njia iliyochorwa ubaoni. Hicho hakifundishwi Jumanne na Jumatano.

Mkesha_Mbezi

Gronkowski sawa. 2011 alipata tachidauni 17 za kudaka, hapo hata mimi navua kofia. Mackey sijawahi kumwona. Nitatafuta hiyo mechi ya Kittle, ila Bowers ngoja umpe miaka mitano.

Furaha_wa_Bukavu

Jambo mama Junior. Mimi niko Cedar Rapids, si mbali na wewe, na ninafanya kazi ya kutunza wazee. Hapa Iowa mtoto kuitwa taiti endi si aibu hata kidogo. Chuo chetu cha Iowa City ndicho kimewatoa Kittle na LaPorta hao wanaotajwa, na mwaka 2019 vijana wake wawili, Hockenson na Fant, walichukuliwa raundi ya kwanza siku moja, wote mataiti endi. Kanisani kwetu kuna vijana wa Kikongo wanacheza, na wazazi wao walishangaa kama ninyi mwanzoni. Kocha Ferentz yuko pale tangu 1999 na hajaacha kupanga wawili kwa pamoja, hata watu wakimcheka kwamba mchezo wake ni wa kizamani.

Lakini nataka kusema jambo ambalo wanaume hawa wawili hawakulisema. Huyo John Mackey baba wa Tanga anayemsifu, nimesoma habari zake kwa sababu ya kazi yangu. Alivaa namba 88. Alipozeeka akili ilimtoka, mke wake akahangaika na gharama za kumtunza, na mwaka 2007 ligi na chama cha wachezaji wakaanzisha mpango wa kuwasaidia wachezaji wa zamani wenye ugonjwa wa kusahau, wakauita kwa namba yake: 88, mpaka dola 88,000 kwa mwaka. Alifariki 2011, na ubongo wake ulipochunguzwa ulikutwa na ule ugonjwa wa kugongwa gongwa kichwa.

Sisemi umtoe mtoto. Nasema amehamia mahali ambapo anagongana karibu kila mchezo unapoanza, wakati kule pembeni alikuwa anagongwa mara moja moja. Kwa hiyo baba akienda shuleni, aongeze swali la pili: mazoezini wanagongana siku ngapi? Na ujue haki yako: sheria ya jimbo letu inasema mtoto akionyesha dalili za kuumia kichwa lazima atolewe uwanjani palepale, na asirudi mpaka mtaalamu wa afya aandike. Asikuambie mtu "ni kizunguzungu kidogo". Na yule mtoto asiyesema, mama, huyo ndiye wa kuulizwa mara mbili. Muulize kichwa, usingizi, na kama mwanga unamsumbua.

Mtanga_wa_Olathe

Mama Furaha umesema la maana kuliko yangu yote. Nilikuwa namtaja Mackey kwa zile mbio zake tu, mtu anajaribu kumwangusha anabaki anaburuzwa. Ongezeni hilo swali. Kichwa kinakuwa juu, macho mbele, anayekinga ni mikono na miguu. Kocha anayesema "ingiza helmeti" ondokeni naye.

MamaJunior_DesMoines

Mrejesho wakuu. Asanteni sana, na dada Furaha nimekutumia ujumbe pembeni, tuonane.

Mzee alikwenda jana na maswali mawili, kayaandika nyuma ya bahasha ya bili ya umeme. Kocha hakukasirika, alionekana kama alikuwa anangoja mtu amuulize. Akafungua kompyuta pale pale. Jumanne na Jumatano mtoto yuko na kocha wa mabonge, jina tumepewa, Alhamisi yuko na wapokeaji. Kugongana kwa nguvu ni siku moja kwa wiki, zilizobaki wanatumia mito. Akamwonyesha video ya ile mechi tuliyodhani hakufanya kitu. Mzee anasema mtoto kamfungia mtu njia sehemu tatu, na moja ndiyo ile tachidauni tuliyoimba sisi wenyewe jina la mtoto wa jirani. Mkono kweli anaupeleka nje, kocha kasema vile vile ulivyosema Mtanga, kampa na kitambaa cha kuvaa.

Kocha kasema pia kitu ambacho Junior hakutuambia: alimwambia tangu mwanzo kwamba kwa urefu huo kikapu cha chuo kikuu kitamwona mfupi kwa anavyocheza, chini ya ringi, lakini huku anaweza kutazamwa. Mtoto alinyamaza kwa sababu alidhani tutasikitika kuhusu kikapu. Hilo tutaliongea nyumbani.

Nilipomuuliza kichwa na usingizi akacheka, akasema mama umeanza. Lakini kajibu.

Sasa Ijumaa tunacheza nyumbani. Mtanga, tukae wapi tumwone, maana mzee sasa kawa mtaalamu, anataka kununua darubini.

Mtanga_wa_Olathe

Msikae katikati ambako kila mzazi anapagombania. Nendeni nyuma ya goli, juu kadiri mnavyoweza, hapo mstari wote mnauona umefunguka na mnaona mikono inapotua. Darubini aache, itamrudisha kutazama mtu mmoja wakati anatakiwa kumwona na aliye mbele yake.

Kabla mpira haujaanza tazameni yuko upande gani wa mstari, kulia au kushoto, maana anahamishwa. Akitoka akatembea kwenda upande wa pili na mkabaji mmoja akamfuata, kwotabeki ameshajua wapinzani wanakaba mtu kwa mtu. Hiyo peke yake ni kazi, hata asipoguswa. Halafu hesabuni hatua zake mbili za kwanza, baada ya hapo ndipo mtafute mpira ulipo.

Na mwambie mzee kitu kimoja, watu wetu wanakosea sana hapa kwa sababu ya mazoea ya Taifa: timu yenu ikiwa na mpira, anyamaze. Kijana anasikiliza sauti ya kwotabeki kujua lini aondoke, akiwahi ni adhabu ya yadi 5. Vuvuzela na matusi yote ayaweke mpaka mpira uende kwa wapinzani.